Watoto Tisa kwa Anwani Yetu

Nilistaafu Ijumaa iliyopita, nikiwa na miaka kumi na minane na chunusi mbili kidevuni. Neno kustaafu si langu. Ni la Ma Khumalo, karani wa shule ya msingi, aliyenikabidhi keki ya dukani ikiwa bado ndani ya boksi lake na kusema, "Wastaafu hupewa saa ya ukutani. Wewe chukua keki, saa unayo kwenye simu." Nimeikalia meza ya likizo tangu gredi ya nane hadi nilipomaliza matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari. Sikuwahi kupandishwa cheo, maana meza ilikuwa moja na kiti kimoja, kwa hiyo hadithi za vyeo msizitafute humu.

Haya ninayaandika kwenye daftari langu la siku zote, lile la mambo ya aibu, lakini kurasa hizi nitazichana nimpe Rehema na wenzake wanaoichukua meza. Rehema yuko gredi ya tisa na haogopi kuongea, jambo ambalo linanitia wasiwasi kidogo.

Kwa asiyejua: ofisi ya wilaya ya elimu huwa na ratiba ya familia mara mbili kwa mwaka. Ya kwanza ni ile ya likizo fupi ya Septemba, majani yanapoanza kuchipua. Watoto hupimwa macho, hulima bustani ya shule na kusoma vitabu, na Jumamosi wazazi nao huja. Ya pili ni ya Desemba, wakati wa joto: kuogelea, hesabu kwa waliobaki nyuma, kompyuta kwa akina mama. Kuna chakula cha mchana kila siku, na kuna basi la kuwarudisha wadogo nyumbani. Vyote ni bure, kinachotakiwa ni fomu tu. Na fomu ndiyo inayotisha watu.

Sikuomba kazi hii. Nilikuwa gredi ya nane, nimerudi shule yangu ya zamani pale Bertrams, Johannesburg, kurudisha kitabu cha maktaba nilichokaa nacho miezi minne. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi chooni sentensi ya kuomba radhi kwa Kiingereza, mara sita. Kufika ofisini nikamkuta mama mmoja amesimama mbele ya kaunta na kitenge chake, anazungumza Kiswahili cha Kongo, na Ma Khumalo anamjibu kwa Kizulu polepole, kama vile upole wa sauti hutafsiri.

"Wewe," Ma Khumalo akaniambia. "Mama yako si yule msusi wa Tanga? Huyu anasema nini?"

Sentensi yangu yote ya kitabu ikayeyuka. Nikamgeukia yule mama, na kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, nikasema, "Shikamoo."

Akanitazama kama nimempa ugonjwa. Wakongo wengi hawana habari na shikamoo; mtajifunza. "Jambo, binti," akajibu mwishowe. "Ile karatasi inauliza nini?"

Huyo ndiye Mama Solange, mtu wangu wa kwanza mezani. Ametoka Bukavu, ni fundi cherehani, na siku ile alikuwa akiishi chumba kimoja kwenye jengo la ghorofa mbili karibu na uwanja wa mpira, hapohapo Bertrams. Alimleta binti yake Furaha, miaka mitano, aandikishwe bustani na macho. Ila Furaha hakuonekana. Ma Khumalo akainama, akamkuta amejikunja chini ya meza. Akamwita kwa Kiingereza, akamwita kwa Kizulu, akamwonyesha peremende. Mtoto akazidi kujikunja, macho makavu.

"Hatatoka," Mama Solange akasema bila wasiwasi. "Nilimuambiaka: muntu akikuita mu luga ingine, hata akikuita jina yako, usitoke. Muntu wa kwetu atakuita mu luga ya kwetu. Muite weye."

Nikapiga magoti. Nikasema, "Furaha, njoo." Hakuna kitu. Mama Solange akacheka. "Sema 'kuya'."

"Furaha, kuya."

Akatoka na kuchukua peremende, akarudi chini. Hapo Ma Khumalo akaamua kwamba nimeajiriwa.

Vifaa vya kazi, kwa mpangilio wa umuhimu. Kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Uzi uwe mrefu, mtu akivutwa mkono anapoandika huona kama amekamatwa. Kiti cha mzazi kikae upande wa mlango. Niliona mwenyewe mwaka wa pili: ukimweka mzazi ndani na wewe ukakaa mlangoni, hasikii unachosema, anapima tu nafasi ya kukupita. Kitambaa cha kufutia mikono baada ya kidau cha wino, kwa wanaotia dole gumba. Na maji ya kunywa ya kwako, maana mtu mwenye haya hukaukwa koo haraka.

Ma Khumalo alikuwa na kanuni moja tu. Usiandike kwenye fomu kitu ambacho mzazi hakukisema kwa mdomo wake. Hata kama unajua. Hata kama ni jirani yako. "Fomu ni mdomo wa mtu mwingine," alikuwa akisema. "Wewe ni mkono tu, mntanami." Mntanami ni mwanangu kwa Kizulu. Aliniita hivyo hata aliponikasirikia, na ndiyo maana ilichukua muda kujua lini amekasirika.

Makosa madogo niliyafanya kwa wingi. Mwaka wa kwanza niliandika kwenye tangazo la Kiswahili "ratiba ya kiangazi", kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa na mama. Lakini kiangazi cha Tanga ni cha jua kavu, na Desemba ya Johannesburg mvua hupiga kila alasiri kwa radi ya kutisha mbwa. Watoto ishirini walikuja na kofia za jua na bila koti hata moja. Tangu hapo tangazo husema "wakati wa joto na mvua". Msilibadilishe.

Sasa nifike gredi ya kumi, ambayo ndiyo sababu ya kurasa hizi zote.

Mwaka ule lile jengo la Mama Solange lilifungwa. Walitolewa asubuhi, mageti yakachomelewa chuma, yeye na Furaha wakahamia Turffontein, upande wa kusini. Hakumhamisha mtoto shule. Walikuwa wakija kwa teksi, yaani daladala za huku, kila asubuhi. Na wiki ileile ya kuandikisha, ukaanza kuzunguka kwenye simu za watu wetu ujumbe wa sauti. Mwanaume mmoja, Kiswahili chake cha haraka, anasema fomu zote za shule zinazouliza anwani zitapelekwa kwa wanaotafuta wageni, mlango kwa mlango. Hakusema jina lake wala aliyemwambia. Mama aliusikiliza mara tatu, mara ya tatu akiwa amezima redio ili aogope vizuri.

Siku mbili nilikaa mezani peke yangu na kalamu yangu. Siku ya tatu akaja Mama Solange. Akakaa nusu ya kiti.

"Jina ya mutoto, nitasema. Umri, nitasema. Fasi tunaikala, sitasema."

"Mama, bila anwani hawampokei. Basi litampeleka wapi?"

"Beko banatafuta bantu, Saumu. Weye uko mutoto, haujue." Akashusha sauti. "Kule kwa kwanza tuliandika. Tulijaza karatasi, jina na namba ya chumba. Halafu walipokuya, karatasi ilikuwa mu mikono yao."

Sikujua kama ilikuwa kweli au alikuwa ameviunganisha vitu viwili visivyohusiana. Nilichojua ni kwamba Furaha alikuwa anasoma vitabu akivigusisha na pua, na daktari wa macho anakuja mara moja tu. Ma Khumalo alikuwa ametoka kwenda kupiga chapa karatasi. Nikasema kitu ambacho hadi leo kikinijia nikiwa kwenye foleni huwa nafumba macho.

"Tuandike ya kwetu."

Mama Solange akanitazama. "Ya kwenu?"

"Sisi tuko hapahapa mtaa wa pili. Mama yuko nyumbani siku nzima, anasuka watu barazani. Na basi si lazima, mnaweza kuja kuwachukua wenyewe."

"Andika ya kwenu basi," akasema. "Njo muzuri," yaani ndiyo vizuri.

Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri. Nilidhani nimefanya kwa fomu moja, lakini habari nzuri kwa watu wetu husafiri kama ile mbaya. Kufika jioni wamekuja wengine wanne, kila mmoja akikaa nusu ya kiti na kusema, "Niandikie kama ya Mama Solange." Kesho yake wanne tena. Hakuna hata mmoja aliyeusema mtaa wetu kwa mdomo wake. Hata hawakuujua unaitwaje. Fomu tisa, watoto tisa, nyumba moja yenye vyumba viwili na choo cha nje. Mama yangu sikumwambia. Niliogopa atakataa, na niliogopa zaidi atakubali kisha asilale.

Wiki ile ilipita salama. Furaha akapata miwani ya fremu nyekundu. Nikajiona nina akili.

Nilichokisahau ni kwamba fomu za Septemba hazitupwi. Hubebwa zilezile hadi Desemba.

Ilikuwa Alhamisi ya ratiba ya kuogelea. Watoto wameondoka na basi asubuhi, taulo mabegani, kwenda kwenye bwawa la manispaa. Mimi niko ukumbini. Saa sita hivi simu ya ofisi ikalia, na Ma Khumalo akarudi akitembea kwa haraka, yeye ambaye huwa hana haraka. Maandamano ya kupinga wageni yalikuwa yanakuja upande wetu. Wilaya imewaamuru madereva wawarudishe watoto nyumbani mara moja, kila mtoto kwa anwani iliyo kwenye fomu, wasipitie shuleni.

Nilisikia "anwani iliyo kwenye fomu" na papo hapo nikaanza kuhesabu vidoleni: mmoja, wanne, wanne tena.

Simu yangu ikalia. Mama.

"Wewe Saumu! Kuna basi limenishushia watoto kwenye geti. Dereva kawahesabu kama magunia, tisa, kaniuliza wewe mtu mzima wa hapa, nikasema ndiyo, kaondoka kama anafukuzwa. Hao wana wa nani? Nimezaa lini mimi?" Nyuma yake nikamsikia mteja wake akicheka kwa woga, "Yarabi, na mimi nusu kichwa sijasukwa!"

"Mama, funga geti. Waweke ndani. Nitakueleza."

"Nimeshawaweka. Nimewapa chai. Wako wanane."

"Tisa, mama."

"Nimewahesabu nikiwapa vikombe. Wanane."

Nikamwomba anitajie majina. Alipomaliza, jina la Furaha halikuwamo. Mkubwa wao alisema Furaha alishuka, akaliangalia geti letu, akasema, "Hapa si kwetu, miye najua kwetu," akaondoka na taulo lake wakati wengine wanasukumana kuingia.

Alikuwa na miaka saba. Kwao ilikuwa Turffontein, teksi mbili kutoka pale. Lakini kutoka Bertrams njia pekee aliyoijua kwa miguu ilikuwa ya lile jengo lililofungwa.

Mama Solange nilimpigia mara nne; kiwandani alikokuwa akishona simu hukaa kwenye kabati. Nikageuka. Ma Khumalo alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Kiswahili hajui, lakini uso wa mtu aliyekosea anaujua katika lugha kumi na moja.

"Ma, anwani ile ni ya kwetu. Niliandika mimi."

"Fomu ngapi?"

"Tisa."

Akauchukua mwavuli wake nyuma ya mlango. Nilitamani anipige. "Nitakusema kesho," akasema. "Leo twende. Funga viatu."

Mlangoni nilifanya kitu ambacho sijamwambia mama hadi sasa. Nilivua ushungi wangu nikautia ndani ya mkoba. Ma Khumalo aliona, akatazama pembeni.

Barabarani maduka yalikuwa yanashusha vyuma. Mwenye duka la spaza, kibanda kile cha dirishani, alikuwa akiingiza ndani makreti ya mikate akiwa ameinama, kama mtu anayeiba mali yake mwenyewe. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa kusini, joto limebana. Ma Khumalo akamuuliza kupitia nondo: msichana mdogo, miwani myekundu, taulo? Akanyoosha kidole kuelekea uwanjani bila kuinua kichwa. "Amepita sasa hivi. Harakisheni, Gogo," akasema, kwa maana ya bibi, "wako kwenye roboti."

Walikuwa kwenye roboti kweli, pale taa za kuongozea magari. Wanaume kama thelathini, wengine na rungu, wengine na filimbi, mmoja na mwavuli uliokunjwa ambaye nilimwogopa kuliko wote kwa sababu alikuwa na sura ya mwalimu. Tulipita upande wa pili. Nilikuwa nahesabu hatua zangu. Nilihisi kila mtu anasikia Kiswahili kichwani mwangu.

Geti la jengo lilikuwa limechomelewa. Chini, kwenye wavu, kulikuwa na tundu linalomtosha mtoto, na kwenye ncha ya waya umenasa uzi wa bluu wa taulo. Ndani giza la ngazi. Ma Khumalo akaita kwa Kiingereza, sauti yake ya gwaride. "Furaha! Toka, mpenzi!" Akaita kwa Kizulu. Akasema ana peremende. Hakuna kilichotikisika.

Nilijua kwa nini. Ma Khumalo naye akajua. Nilimwona anakumbuka meza yake na mtoto chini yake.

"Wewe ndiye wa kuita," akasema.

Wanaume saba au wanane walikuwa wamejitenga na kundi, wanateremka barabara ileile taratibu, wakiyatazama majengo. Nikafungua mdomo, ikatoka pumzi. Nikajaribu tena, ikatoka "kuya" ambayo hata mimi sikuisikia.

"Mbona unanong'ona?"

"Ma, watanisikia."

Akawatazama. Kisha akafungua mwavuli wake mkubwa wa maua, na mvua bado haijaanza, akasimama kati yangu na barabara. "Nitaelewa ukikataa," akasema. Hilo ndilo lililonimaliza. Angenilazimisha ningelia, na kulia kungeniokoa.

Nikashika wavu. Nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga darasani, wala uwanjani, wala kwa mama yangu mzazi. "Furaha wa Mama Solange! Kuya! Ni Saumu wa meza! Kuya, Furaha!"

Filimbi ikanyamaza. Nyuma ya mwavuli nikasikia sauti ya mwanaume, "Uthini lo?" Anasema nini huyu?

"Anaita mtoto," Ma Khumalo akamjibu kwa Kizulu. "Wewe hukuwahi kuitwa na mtu? Nani mama yako? Nisaidie kuita au pita."

Na yeye mwenyewe akageuka, akautia uso kwenye wavu pamoja na wangu, akaita kwa sauti yote aliyonayo, "Fulaha! Kuya! Kuya, Fulaha!"

Nilisubiri mkono unishike shingo. Wale wanaume wakasimama kidogo. Mmoja akacheka, mwingine akapiga rungu kwenye bati la geti mara moja, sauti ikanipita mifupani. Wakaendelea na safari yao. Hakuna kingine kilichotokea. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Furaha alitoka chini ya ngazi. Kioo kimoja cha miwani kilikuwa na vumbi, kingine amekifuta. Akatambaa kupita tunduni, akasimama, akaniambia kama mtu anayeleta malalamiko ofisini, "Mulango ya kwetu imefungwa." Kisha mvua ikaanza.

Mama Solange, aliyenipigia alipotoka kazini, alifika nyumbani kwetu saa kumi na moja, ameloa. Watoto walikuwa wamelala kwenye mkeka kama kuni. Mteja wa mama alikuwa bado na nusu kichwa, amekataa kutoka nje. Mama Solange hakulia. Alikaa sakafuni, akamvuta Furaha mapajani, akampapasa mikono na miguu kana kwamba anatafuta alama iliyokosekana. Kisha akaniangalia.

"Weye njo uliandika."

"Ndiyo, Mama."

"Na miye nilikubali," akasema. Sikusamehewa kwa hilo. Alikuwa anagawa tu mzigo ulivyokuwa.

Mama yangu alisubiri wageni waondoke wote, ndipo akasema, "Umenifanya anwani bila kuniuliza." Hakuongea nami siku mbili, na kwa msusi hizo ni nyingi.

Ma Khumalo alinisema kesho yake kama alivyoahidi, dakika ishirini, nimesimama. Sitayaandika yote. Alisema huruma iliyoandikwa kwenye fomu huwa uongo kama uongo mwingine, na dereva hawezi kujua tofauti. Kisha akanituma kwa familia zote tisa, mlango kwa mlango, kusema nilichofanya. Kati yao watano walikubali anwani zao za kweli ziandikwe. Wanne waliwatoa watoto wao kwenye ratiba. Mama Solange alikuwa mmoja wa hao wanne. Likizo zote zilizofuata Furaha alizipitisha Turffontein, chini ya meza ya kushonea, akichambua vifungo kwa rangi. Nilimwona mara moja nilipopeleka gauni la mama. Miwani ilikuwa imekuwa midogo kwa uso wake, na hakuna aliyempima tena.

Ndipo tulipotengeneza ile bahasha, Rehema, ambayo wewe umeikuta ukadhani ni ya wilaya. Si ya wilaya. Ma Khumalo alibishana na mwalimu mkuu wiki tatu. Kwenye fomu, mahali pa anwani huandikwa "iko kwa karani". Anwani yenyewe mzazi huitaja kwa mdomo wake, wewe unaiandika kwenye karatasi ndogo, anaisoma au anasomewa, anaifunga mwenyewe kwenye bahasha. Msaidizi wa basi huzibeba na kuzirudisha kila siku. Likizo ikiisha, mzazi huja kuichana yake kwa mikono yake. Wapo ambao huzichana vipande vidogo sana, tunawasubiri. Na chini ya anwani kuna mstari mmoja niliouongeza mimi, kitu pekee nilichowahi kukitunga kazini: mtoto huitwaje ili aje. Siyo jina. Ni namna nyumbani kwao wanavyomwita naye akatoka. Kuna mtoto wa Tanga huitwa kwa kupigiwa makofi mawili. Kuna Mrundi mmoja ambaye bibi yake humwita "mzee". Andika kama ulivyosikia.

Ijumaa iliyopita ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha kwa Desemba hii. Nilikuwa nimeshaondoka kitini, naikata ile keki kwa rula, Rehema anahangaika na uzi wa kalamu. Mlangoni akasimama mama mwenye kitenge, na msichana wa miaka tisa nyuma yake, amekunja macho kama anayesoma kitu kilicho mbali.

Miaka miwili. Nilitaka kwenda. Ma Khumalo akanishika kiwiko. "Umestaafu," akasema.

Mama Solange akakaa. Si nusu kiti, kiti chote, ila begi lake akalibakiza mapajani. Akauliza kama daktari wa macho bado anakuja. Rehema akasema safari hii anakuja hata Desemba. Kisha Rehema akauliza anwani, kwa sauti ile yake ya kusikika mpaka korido, na nikaona mabega ya Mama Solange yakipanda. Nikafumba macho. Nilipofumbua Rehema alikuwa ameinama juu ya meza, sikio lake karibu na mdomo wa mama yule. Sikusikia kitu. Niliona tu kalamu ikienda, ikasimama, Rehema akitikisa kichwa kuomba arudiwe, ikaenda tena.

"Na mtoto huitwaje ili aje?"

Mama Solange akaninyooshea kidevu pale nilipo na rula yangu. "Yule anajua."

Rehema akageuka kunitazama. Nilijua. Neno lilikuwa ulimini. Nikakata kipande kingine cha keki, kibaya, kimepinda. Rehema akarudisha macho kwa Mama Solange na kungoja, kalamu hewani, na Mama Solange akangoja naye, kisha akalisema mwenyewe. Rehema akaandika. Mama Solange akaifunga bahasha, akaipitishia kidole mara tatu.

Furaha alikuja kuchukua keki. Akaniuliza kama bwawa bado lina ile slaidi. Nikamwambia ipo.

Basi linaanza Jumatatu. Bahasha zitakuwa mikononi mwa msaidizi mpya nisiyemjua, na simu ya mama tangu jana imeanza tena kupokea jumbe za sauti za yule mwanaume wa Kiswahili cha haraka, au mwingine kama yeye. Mimi sitakuwepo mezani. Nitakuwa nyumbani barazani, nikimshikia mama nywele za mteja, nikisikiliza geti.